Mashine ya Nne

Mzee Muchiri, ambaye redio ilitangaza Ijumaa saa saba mchana kwamba ameiaga dunia, Jumamosi asubuhi alikuwa amesimama nje ya wadi ya wanawake, kofia mkononi, akibishana na bawabu kuhusu saa za kuona wagonjwa.

"Mimi si mgeni," alikuwa akisema. "Mimi ndiye nimemfanya augue. Alisikia nimekufa."

Sajini Cherono alisubiri amalize. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mrefu, aliyevaa sweta ya kijivu juu ya rinda, na mkononi alishika daftari la mistari ambalo wenzake katika ofisi ya upelelezi walipenda kulitania kuwa ni la darasa la nne. Alimwonyesha bawabu kitambulisho chake, akamshika Mzee mkono, wakaketi kwenye benchi ya saruji palipokuwa na jua.

"Mkeo, Mama Wangari, anaendeleaje?"

"Presha imeshuka. Lakini jana usiku alinishika mkono hakutaka kuachilia, kama mtu ameshika kuku anajua atatoroka."

"Jana mchana ulikuwa wapi, Mzee?"

"Sugoi. Nilienda kuangalia mtamba kwa rafiki yangu. Simu ilizima saa nne na sikujali, mimi nilizaliwa bila simu. Kurudi nyumbani saa kumi na moja, nakuta boma imejaa watu. Viti vya kanisa vimepangwa, sufuria ziko motoni. Nikauliza nani amekufa. Wanawake wakakimbia."

Bawabu aligeuza uso akacheka chinichini. Cherono hakucheka. Aliandika saa hizo mbili, saa nne na saa kumi na moja, akazichorea mstari.

"Na jana kulikuwa na shughuli gani huko kwenu Ziwa?"

"Mkutano wa mradi wa maji. Uchaguzi, saa nane u nusu. Mimi nimekuwa mwenyekiti miaka tisa. Bomba zote unazoona kuanzia sokoni mpaka shuleni, nilichimba mtaro wake na hii mikono." Aliinyoosha mikono yake aitazame, naye Cherono akaitazama. "Sasa, watu wangu wote walikuwa kwangu wanalia. Waliofika mkutanoni walikuwa thelathini na mmoja. Katiba inataka thelathini. Wakachagua."

"Wakamchagua nani?"

"Mburu, naibu wangu. Lakini sitamsingizia mtu. Mburu hajui hata kutuma meseji kwa simu. Hiyo mambo ya kompyuta angeijulia wapi?"

"Unataka nini kwa hii kesi, Mzee?"

"Jina langu. Leo asubuhi mtoto wa jirani alinigusa shavu kuona kama ni baridi."

*

Redio Nyanda ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa za mifugo. Meneja wake, Bwana Ronnie, alimpokea Cherono mlangoni akiwa tayari na karatasi moja mkononi.

"Afande, hii kesi karibu imeisha. Hii ni kumbukumbu ya mashine ya studio. Soma hapa. Tangazo la kifo cha Muchiri liliingia 09:52, yaani saa tatu na dakika hamsini na mbili asubuhi. Jina la mwandishi, Nanzala. Saa hiyo alikuwa mapokezi peke yake. Nimemwandikia barua ya kuomba msamaha, asaini tu, tumalizane kama familia."

"Na asiposaini?"

"Basi atuonyeshe hao wadukuzi walioingia kwa mitambo yetu kutoka huko nje. Maana ni yeye au ni wao. Huu mfumo wetu wenyewe ni takataka. Tulitengenezewa na fundi wa Kapsoya."

Nanzala alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, si nyuma ya meza yake, mkoba umetulia juu ya magoti. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, kitambaa cha buluu kichwani, na hakuonekana kama mtu aliyelia.

"Sitasaini," alimwambia Cherono kabla hajaulizwa. "Madam, fungua hiyo faili nyeusi. Hapa mtu hawezi kutangaziwa kifo bila barua ya chifu au ya hospitali. Mimi napokea barua, naisoma, naiweka kwa faili, halafu ndio naandika tangazo. Miaka sita. Ya Mzee Muchiri itafute."

Cherono aliipekua faili karatasi kwa karatasi mpaka mwisho. Kwa siku ya Ijumaa palikuwa na barua nne, na hakuna iliyotaja jina la Muchiri.

"Matangazo yaliyosomwa jana saa saba yalikuwa mangapi?"

"Matano," alisema Nanzala. "Mimi niliandika nne."

Ronnie aliguna. "Mtu anayetaka kudanganya hawezi kujiandikia barua, Afande. Jina ni lake."

Cherono aliirudia ile karatasi ya meneja. Watu wengi wangesoma ule mstari mmoja waliooneshwa kwa kidole. Yeye alisoma wa juu yake, kisha wa chini yake. Miaka mitano iliyopita alikuwa amejiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta pale mjini, akakaa darasani na vijana wa umri wa mwanawe, na jambo la kwanza alilotoka nalo ni kwamba mashine husema kila kitu ilichofanya, ila haisemi kwa sauti.

"Bwana Ronnie, taarifa ya habari ya saa saba mchana, mnaisoma saa ngapi?"

Meneja alicheka. "Si umesema mwenyewe? Saa saba."

"Hapa chini imeandikwa ukurasa wa taarifa ya saa saba ulifunguliwa studio saa 10:00. Saa nne asubuhi. Jana mlisoma habari za mchana saa nne?"

Kicheko kilikatika.

"Huyo fundi wa Kapsoya," Cherono alisema, "umempigia simu?"

"Nimpigie ya nini?"

"Basi nipe namba yake."

*

Lawrence Sifuna alifika kwa bodaboda baada ya nusu saa, jaketi limejaa vumbi, uso umekunjamana. Hakumsalimu meneja.

"Tangu jana nasikia ati takataka ya Sifuna imeua mtu," alisema. "Nani ameifungua akaiangalia? Nani ameniuliza swali hata moja?"

"Mimi ndiye nakuuliza sasa," Cherono alisema. "Niambie pole pole, kama unaambia mamako. Hii kitu inafanyaje kazi?"

Lawrence alivuta pumzi. Hasira ilianza kumtoka mara tu alipoanza kueleza, kama fundi yeyote anayeulizwa kazi ya mikono yake.

"Zamani redio hii ilitegemea seva moja iko Nairobi. Seva ni mashine inayoweka kurasa na kuwapa watu wakiziomba, kama karani wa dirishani. Mvua ikinyesha Eldoret, mtandao unakufa, karani hapatikani. Mtangazaji anakaa mbele ya maiki, hana cha kusoma. Mimi nikasema, kwa nini karani akae Nairobi? Nikaweka karani mdogo ndani ya kila kompyuta. Programu nyepesi sana, Madam, ni ndogo kuliko wimbo mmoja wa kwaya kwenye simu yako. Ukiwasha mashine, inaamka nayo. Unafungua ukurasa kama unaingia kwa intaneti, kumbe uko ndani ya mashine yako mwenyewe. Mvua inyeshe wiki mzima, kazi inaendelea. Miaka tatu haijalala hata siku moja."

"Na kila karani ana daftari lake?"

Lawrence alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ndio. Kila ukurasa ukifunguliwa, kila kitu ikiandikwa, anaweka mstari. Saa, ukurasa, na aliyeomba."

"Saa ya wapi?"

"Saa ya..." Alisita, akatabasamu. "Saa ya Greenwich, ya Uingereza. Ndivyo seva zinavyohesabu, sikuona haja ya kubadilisha. Ukitaka ya hapa, ongeza masaa tatu."

Cherono aliandika hesabu hiyo kwenye daftari lake, hatua kwa hatua, ingawa tayari alikuwa ameifanya kichwani. Saa 10:00 ya taarifa ya habari ikawa saa saba kamili mchana, kama ilivyopaswa. Na 09:52 ya tangazo la kifo ikawa saa saba kasoro dakika nane.

"Si asubuhi," alisema. "Ni dakika nane kabla ya kusomwa. Nanzala, jana saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Ibada ya mchana, Madam. Kila Ijumaa natoka saa sita u nusu, narudi saa saba u nusu. Jana nilikuwa mbele ya watu kama arobaini, naimba. Mimi ndio nilikuwa naanzisha."

"Mchungaji ana simu?"

Alikuwa nayo. Cherono alitoka nje kwenye ngazi, akazungumza naye dakika nne, akarudi na majina ya mashahidi watatu yameandikwa. Nanzala hakusogea kitini. Mabega yake tu ndiyo yaliyonyooka zaidi.

Ronnie alikuwa mwepesi wa kubadilisha njia. "Sawa, si yeye. Basi ni wale wadukuzi. Si nilisema?"

"Haiwezekani," alisema Lawrence.

"Usiniambie haiwezekani," Cherono alimkatiza. "Nionyeshe."

Lawrence alimwomba atoe simu yake aiunganishe na mtandao wa ndani ya jengo. Kisha akamtajia nambari ya kompyuta ya mapokezi. Cherono aliiandika kwa kidole kimoja, akabonyeza. Simu ilizunguka, ikazunguka, ikasema haikupata kitu. Akajaribu ya chumba cha habari. Vilevile.

"Unaona? Karani wa kila mashine anaongea na mtu aliyekaa mbele ya mashine hiyo peke yake. Wewe uko mita mbili kutoka kwake, anamsikia Mama Nanzala lakini kwako hana masikio. Ni studio pekee niliyoifungulia mlango, na mlango wenyewe unafunguka kwa mashine za humu ndani tu, ndio zimletee matangazo. Mtu wa Nairobi hana njia. Mtu wa hapo chini dukani hana njia. Aliyeandika alikuwa ameketi mbele ya mashine ya redio hii, ndani ya hili jengo."

"Ipi?"

"Leta hiyo karatasi."

Meneja aliitoa shingo upande. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Lawrence kuiona. Kidole chake kilipita kwenye saa, kikapita kwenye jina la Nanzala, kikafika mwisho wa mstari na kusimama hapo.

"Mliisoma hii nambari?" aliuliza.

Lawrence alitoa pochi yake, na ndani ya pochi karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Kila mashine niliipa nambari yake ya kudumu. Studio ni kumi. Mapokezi, kumi na moja. Chumba cha habari, kumi na mbili. Kumi na tatu sikuitumia, mamangu haipendi." Akageuza ile karatasi ya meneja ili Cherono aone. "Hili tangazo lilitoka kwa kumi na nne."

"Kuna mashine tatu hapa," alisema Ronnie.

"Kuna nne. Mwezi wa pili mwaka huu mlitaka laptopu ya kutembea nayo sokoni, kwa matangazo ya nje. Nilichukua kila kitu kilichokuwa ndani ya kompyuta ya mapokezi nikakinakili kwenye laptopu, karani na kurasa zake zote, ndio kazi iishe haraka." Ghafla akajipiga paji la uso. "Madam! Na lile jina. Nilinakili mpaka jina la mwandishi. Ukifungua ukurasa wa vifo kwenye ile laptopu, jina la Nanzala linakuwa limeshaandikwa. Anayeandika asipolifuta, linakwenda nalo."

Nanzala aliinua kichwa. "Kwa hivyo jina langu lilikuwa linatembea sokoni bila mimi?"

"Nisamehe, Mama. Hilo ni kosa langu, na nitalitengeneza leo."

Cherono aliuinua mkono. "Hilo la jina, nyinyi watatu, mlimeze. Asilisikie mtu mwingine kwanza. Bwana Ronnie, laptopu iko wapi?"

"Ilikufa. Mwezi uliopita. Ilitupwa stoo."

"Nani alikwambia imekufa?"

Meneja alilegeza tai yake. "Mungai. Mtangazaji wa nje. Ndiye alikuwa akiitumia."

*

Stoo ilikuwa chumba cha urefu wa kitanda, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari mahali ambapo mtu yeyote angeufikia. Cherono aliliandika hilo pia, kwa kuwa wakili wa mshukiwa angeanzia hapo. Alivaa glavu. Laptopu waliipata chini ya rundo la nyaya na mabango ya sherehe za mwaka jana. Vumbi lilikuwa juu ya mabango. Kwenye laptopu halikuwapo.

Lawrence aliichomeka umeme. Walisubiri. Taa ndogo ya kijani iliwaka, kisha kioo.

"Maiti amefufuka," alisema Nanzala aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mtandao umezimwa?" aliuliza Cherono.

"Nimezima. Na hata hivyo haihitaji. Karani yuko ndani."

Ukurasa wa vifo ulifunguka. Ulikuwa mtupu. Pembeni, kwenye nafasi ya mwandishi, jina la Nanzala lilikuwa limejikalia kama Lawrence alivyosema.

"Amefuta tangazo," alisema Ronnie, na katika sauti yake palikuwa na kitu kilichokaribia nafuu.

"Tangazo, ndio," alisema Lawrence. "Daftari la karani hakulijua." Alifungua faili lenye mistari mirefu ya nambari, akalishusha hadi siku ya Ijumaa. Alisogea kando ili Cherono asome mwenyewe.

Sajini alisoma polepole, akiongeza saa tatu kila mstari. Saa sita na dakika thelathini na sita, mashine iliwashwa. Saa sita na dakika arobaini na moja, kitu kiliandikwa kwenye ukurasa wa habari za soko. Saa sita na dakika hamsini na mbili, kitu kiliandikwa kwenye ukurasa wa vifo. Dakika mbili baadaye, kitu kilifutwa kwenye ukurasa huo huo. Kisha mashine ilizimwa.

"Habari za soko. Hizo zilifutwa?"

Lawrence aliangalia. "Hapana. Ziko."

Palikuwa na aya mbili fupi: soko la Ziwa, Ijumaa, ng'ombe wa maziwa kumi na saba wameletwa, vitunguu vimeadimika, barabara ya kuingilia sokoni ina matope. Cherono alimwomba meneja rekodi ya matangazo ya siku iliyotangulia. Walisikiliza kwa pamoja sauti nzito na tamu ya Mungai, saa saba na dakika ishirini, ikisoma aya hizo hizo, mpaka yale matope.

"Nani mwingine kutoka hapa alikuwa Ziwa jana asubuhi?"

"Yeye tu," alisema Nanzala. "Ni kwao. Hata Ijumaa ya sikukuu yeye huenda."

*

Mungai aliingia kazini saa tano na nusu, akipiga mluzi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, nadhifu, mwenye sauti iliyowafanya akina mama wa Uasin Gishu kumpigia simu kumsalimia tu. Alimkuta Cherono ameketi chumba cha habari, daftari limefunguliwa, konstebo mmoja dirishani. Laptopu haikuonekana. Ilikuwa kwenye droo.

"Karibu, Mungai. Maswali machache tu. Jana saa sita na nusu mpaka saa saba ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuwa nimetoka Ziwa. Nilikuwa napanga habari zangu za soko."

"Uliziandika kwa kutumia kitu gani?"

"Kwa simu."

"Ile laptopu ya nje?"

"Iliharibika kitambo, Afande. Mwezi uliopita. Sijaigusa tena."

"Naweza kuona hizo habari kwa simu yako?"

"Nilizifuta baada ya kusoma. Simu imejaa."

Cherono aliandika kila jibu, kisha akamsomea yote, akamwuliza kama ameyanukuu sawasawa. Mungai alikubali. Ndipo alipovuta droo na kuiweka laptopu mezani, ikiwa imewaka, ukurasa wa soko umefunguliwa.

Mungai alizisoma ng'ombe zake kumi na saba. Alilamba midomo.

"Mtu anaweza kuchukua maneno yangu akaandika hapo," alisema.

"Saa sita na dakika arobaini na moja? Kabla hujayasoma hewani?"

Chini barabarani mtu alikuwa akiuza miche ya parachichi kwa kipaza sauti.

"Mimi nitakwambia kinachonisumbua," Cherono aliendelea, sauti imeshuka, karibu ya upole. "Si Mzee Muchiri. Mzee yuko hai. Ni huyu mama wa watu, Nanzala. Anakutengenezea chai miaka sita. Kama ulikuwa na vita na Muchiri, sawa. Lakini kukaa chini, ukafikiria, ukaandika jina la Nanzala kwa mkono wako ndio yeye afungwe? Huo ni ukatili, Mungai. Hakimu hataupenda."

"Mimi sikuandika jina la Nanzala!" Mungai alisimama. "Haki ya Mungu! Lilikuwa hapo tayari, lilijiandika lenyewe, mimi hata sikuliangalia mpaka..."

Alisikia alichosema. Kila mtu chumbani alikisikia.

"Keti," alisema Cherono. "Mpaka lini?"

Aliketi. Alipoanza kuzungumza, ile sauti tamu haikuwapo tena.

"Mpaka nilipokuwa nafuta tangazo. Mburu ni ndugu yangu. Kakangu mkubwa. Amekuwa naibu miaka tisa, Afande. Miaka tisa anabebea Muchiri kiti. Nilisema, watu wakienda matanga masaa mawili tu, basi. Sikujua Mama Wangari angeanguka."

"Mburu alijua?"

"Hapana. Yeye alitaka kuahirisha mkutano aende kulia kama wengine. Mimi ndio nilimpigia simu nikamwambia katiba ni katiba."

Cherono alifunga daftari. Alimsomea Mungai haki zake, na konstebo akamshika mkono. Lawrence, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, aliikazia macho ile laptopu, kama mzazi anayemtazama mwanawe akitoa ushahidi mahakamani.

"Nitaihitaji kama kielelezo," Sajini alimwambia. "Na wewe uje uieleze mbele ya hakimu. Hivyo hivyo ulivyonieleza."

"Nitakuja na suti," alisema Lawrence.

*

Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa saba. Ronnie alitoka ofisini akisugua viganja.

"Nanzala, mambo yamekwisha, Mungu ni mwema. Ingia basi kazini. Matangazo ya mchana hayajapangwa."

Nanzala alisimama. Alifika begani kwa meneja wake, si zaidi.

"Bwana Ronnie, jana wewe ulisimama hapa ukawaambia wafanyakazi wote mimi ni mwongo. Leo unaniambia niingie kazini?"

"Nitakuandikia barua nyingine. Nzuri."

"Kosa lilisomwa hewani. Litarekebishwa hewani. Jina la Mzee Muchiri, na jina langu, yote mawili. Na si mtangazaji wa zamu. Wewe."

Ronnie alimtazama Cherono kama anayeomba msaada. Cherono alikuwa akifunga glavu zake ndani ya mfuko, na kazi hiyo ilionekana kumchukua akili yote.

Meneja aliingia studio. Spika ya ukumbini ilitoa mlio, kisha sauti yake, kavu, isiyozoea maiki:

"Wasikilizaji wa Redio Nyanda. Jana tulitangaza kifo cha Mzee Muchiri wa Ziwa. Tangazo hilo lilikuwa la uongo. Mzee Muchiri ni mzima. Tunamwomba msamaha yeye, Mama Wangari, na jamaa yao yote. Pia... pia niliwaambia watu kwamba tangazo hilo liliandikwa na mfanyakazi wetu, Mama Nanzala. Hakuliandika. Hakufanya kosa lolote. Kosa ni langu, mimi meneja, kwa kutouliza kabla ya kulaumu."

Kwenye ngazi, Cherono alikuwa amemsimamisha Mungai ili asikie mpaka neno la mwisho. Chini, katika duka la dawa za mifugo, wakulima waliokuwa wakipiga kelele kaunta walikuwa wamenyamaza. Mmoja alipiga makofi, kisha wengine.

Juu, Nanzala alikuwa amebaki katikati ya ukumbi, mikono ameikunja, kidevu juu, akisikiliza kama mtu anayehesabu. Simu ya mapokezi ilianza kulia. Ililia mara moja, mbili, tatu. Alizunguka meza bila haraka, akavuta kiti chake, akaketi, akakisogeza mbele mpaka kikamkaa sawa, ndipo akainua mkono wa simu.

"Redio Nyanda," alisema. "Nanzala anaongea."